Yowe la Ng'ombe kwa Ajili ya Mtu wa Bawa

Wamepewa jezi. Vijana wa kitongoji chetu, kaka yangu akiwemo, wamepewa jezi mpya za bluu na mpira wa ngozi, na wamepigwa picha wakiwa wamelishika lile bawa lililovunjika kama watu waliomuua chui. Mimi nimeitwa kwenye mkutano kujibu kosa. Nitaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu hapa nyumbani kila anayeieleza anaanzia pale wanaume walipofika. Kabla hawajafika kulikuwa na mtu mmoja tu kule juu mlimani, na mtu huyo ni mimi.

Niko kidato cha tatu. Nasoma Tarime mjini na nakaa kwa shangazi, Turwa. Likizo narudi kwetu upande wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Mimi si msemaji. Mwalimu wetu wa Kiingereza huwa ananiambia, "Ongeza sauti binti, hapa si chumba cha wagonjwa," darasa linacheka, na mimi nazidi kupunguza. Ndiyo maana naandika.

Kijiji chetu kiko magharibi ya mlima. Kuufikia mwamba wa juu ni mwendo wa saa nzima kwa njia ya mbuzi, na kabla ya kupanda unazunguka korongo lenye miiba ambalo hata mbuzi wanalikwepa. Upande wa mashariki, unaotazama tambarare, kuna njia mbovu ambayo gari lenye nguvu linaweza kupanda likitaka. Juu kabisa mwamba ni mpana na mweusi, unashika joto kama kikaango, na hapo ndipo familia yetu huanika muhogo. Muhogo ulioanikwa juu ya mwamba ule unakauka siku tatu. Ule wa uwanjani nyumbani unaota ukungu kabla haujakauka. Ila lazima mtu akae kuulinda, maana nyani nao wanajua ubora wake. Likizo kazi hiyo ni yangu, na sijawahi kuilalamikia. Kule juu hakuna mtu wa kuniuliza mbona nimenyamaza.

Mgeni alikuja katikati ya likizo. Mzungu mrefu, mvi tupu, miguu myembamba kama ya ndege korongo, pamoja na dereva wake Mkenya wa Isebania. Juu ya gari walikuwa wamefunga mfuko mrefu kuliko gari lenyewe. Dereva alituambia kwamba pale Sirari waliufungua mbele ya watu wote, na wabadilisha fedha wakaacha kazi yao wakaja kubishana kama ni hema la harusi au ni antena. Ndani yake kulikuwa na mabomba ya alumini na kitambaa cha rangi ya chungwa. Wanayapanua mabomba, wanakivuta kitambaa mpaka kinakazana kama ngozi ya ngoma, wanaingiza fito nyembamba za alumini ndani ya kitambaa kimoja kimoja, na baada ya muda kama wa kupika maharage, bawa limesimama pale mwambani, kubwa kuliko paa la jiko letu. Mtu ananing'inia chini yake. Injini hakuna.

Mwenyekiti wa kitongoji alimruhusu. Siku ya kwanza walipanda watu wengi kutazama, wazee, watoto, hata mama mmoja mwenye mimba kubwa. Siku ya pili walipanda wachache. Siku ya tatu nilikuwa peke yangu na muhogo wangu, na huo ndio ukweli kuhusu watu wetu: wakishajua kitu kinafanyaje, wanarudi kwenye ng'ombe.

Mimi sikuchoka. Nilikaa nyuma ya jiwe nikachungulia. Kwanza anavaa kofia ngumu na kuingia kwenye mfuko unaomfunika miguu, kama buu. Halafu anajilaza chini huku dereva akiishika pua ya bawa, anavuta ile kamba inayomshikilia, anaitazama, anaivuta tena. Kila siku, hata kama amefanya hivyo dakika tano zilizopita. Halafu anasimama, anatulia, anatazama utepe mwekundu alioufunga kwenye fimbo, na anakimbia kuelekea mashariki mahali ambapo mlima unakwisha. Hatua nne, tano, sita. Hatua ya saba haina ardhi. Yeye hakuanguka.

Akishapaa alikuwa anazunguka na tai, kimya kabisa, na kivuli chake kinapita juu ya muhogo wangu. Jioni ya kwanza niliandika kwenye daftari ukurasa mzima kuhusu kivuli kile, na siuoneshi kwa mtu.

Akisharuka, dereva anashuka na gari mpaka uwanda wa chini, mashariki, kumsubiri atue. Kwa hiyo juu ya mwamba nabaki mimi.

Siku ya nne walichelewa. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilitazama tambarare nikaona vumbi limesimama kwa mstari, mbali, kama mtu amevuta chaki. Kila mwanamke aliyewahi kuanika muhogo pale anajua maana yake. Ukiona mstari ule, una muda wa kupanga mawe kwenye kingo za magunia, basi. Ukichelewa, muhogo wako unakwenda kuanikwa korongoni. Nilianza kupanga mawe. Nikamtazama yule mzungu, ameshaingia kwenye mfuko wake. Nikajikaza nikamwendea dereva, hatua chache tu.

"Kaka, upepo unakuja."

"Upepo ndio tunataka, madam."

"Huu ni mkubwa."

"Usijali. Huyu mzee amepaa dunia mzima, na ako na mashine ya kupima. Wee chunga mihogo."

Ningesema tena. Ningemwonesha vumbi kwa kidole. Lakini alicheka kidogo aliposema mihogo, na mimi nikichekwa ulimi unarudi ndani wenyewe. Nikarudi kwenye mawe yangu. Hili nalikubali bila kulazimishwa na mkutano wowote: nilipaswa kusema mara ya tatu.

Akaruka. Dereva akawasha gari akashuka. Mzungu alikuwa bado mbele ya mlima, anapanda juu vizuri, upepo ulipofika. Magunia yalipiga kelele chini ya mawe. Nikainua macho nikaona kitu ambacho sikuwahi kuona siku zile zote. Bawa lilikuwa linatazama mbele lakini linakwenda nyuma. Alikuwa amejivuta mbele kwa nguvu zake zote, pua ya bawa imeinama, na bado anarudi nyuma polepole, juu ya kichwa changu, karibu kiasi cha kuona soli za viatu ndani ya ule mfuko. Hakupiga kelele. Alivuka mwamba. Na alipovuka tu kwenda upande wa korongo, ni kama kuna mkono ulimshika ukamgeuza. Bawa lilibinuka, likageuka tumbo juu, kisha nikasikia mlio wa mabomba kuvunjika na miti ya miiba kupasuka, halafu nikasikia upepo tu.

Nilikimbia mpaka ukingoni. Kitambaa cha chungwa kilikuwa kimenasa juu ya miti, kimekunjika. Yeye sikumwona. Nikaita, "Mzee! Mzee!" kwa sauti hii yangu. Hata mimi sikujisikia. Nikatazama mashariki: gari lilikuwa dogo kama kiberiti, limesimama uwandani, na dereva bila shaka ametazama juu anasubiri kuona kitu. Kumfikia, saa nzima. Kufika nyumbani, saa nzima. Simu sina. Wanafunzi hatuna simu, na hata ningekuwa nayo, korongo lile halina mtandao.

Sasa nieleze yowe, maana ndilo wanalonishtakia.

Kwetu kuna kelele za aina nyingi na kila moja watu wanaijua bila kufundishwa. Kuna ya msiba, ndefu, inavutwa. Kuna ya moto. Kuna ya ng'ombe walioibwa. Hii ya ng'ombe inakatwakatwa kwa kiganja mdomoni, haina pumziko, na inapigwa mtu akiwa anatazama walikoelekea wezi. Ikisikika, kila mwanamke anaipokea na kuipeleka mbele, na kila mwanaume anaacha alichoshika. Mwenye ugali anaacha ugali, aliye kwa kinyozi anatoka na nusu ya nywele. Asiyetoka anajieleza baadaye. Na anayeipiga bila ng'ombe kuibwa, nyumba yake inatengwa: siku wao wakipiga yowe, hakuna atakayenyanyuka. Hilo nalo watu wanalijua bila kufundishwa.

Kuna kelele nyingine ambayo haina sheria, nayo ni mtu anaposema njooni, ninakufa. Mwaka jana jirani yetu mmoja alipigwa na mumewe kwa mpini wa jembe, mchana kweupe. Aliita. Aliita watu kwa majina yao. Mimi na bibi tulikuwa tunachambua maharage. Bibi alinyanyuka akaenda na mwiko mkononi, mwanamke mzee peke yake, na alipita mbele ya wanaume sita waliokaa dukani. Mmoja akamwambia, "Bibi rudi, hayo ni mambo ya nyumba." Jirani yule leo anaona kwa jicho moja.

Kwa hiyo pale ukingoni sikufikiri muda mrefu. Nilijua ni kelele ipi inaleta watu na ni ipi inaleta maneno. Niligeukia kijijini, upepo ukiwa mgongoni kwangu, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga yowe la ng'ombe.

Sauti iliyotoka sikuijua. Upepo uliichukua ukaishusha bondeni kama ulikuwa unaisubiri. Nilipopumua nikasikia bibi yangu ameshaipokea. Nyumba ya bibi iko juu ya kichuguu kikubwa kando ya mto, na yowe la upande wetu haliwezi kuvuka mto mpaka lipite kwake. Wanaume humtania wakimwita Spika. Spika akapokea, ng'ambo wakapokea, na nikaona watu wadogo wadogo wakitoka kila mahali, wanakimbia. Nililia. Sijui kama kwa hofu au kwa sababu nilikuwa nimeita na watu wakaja.

Kaka yangu alikuwa wa kwanza kufika kwenye mwamba, na nyuma yake wanaume kama hamsini, wengine na pinde, wengine na mapanga, mmoja na sabuni bado kichwani.

"Wameelekea wapi?" kaka akaniuliza huku anahema.

Nikaonesha korongoni.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Ng'ombe mmoja? Wa nani?"

"Si ng'ombe," nikasema. "Ni yule mzungu wa bawa. Ameanguka."

Walichungulia korongoni. Kisha wakaanza wote kwa pamoja.

"Mura, nimeacha chakula nimekuja kuokota mzungu?"

"Afadhali wewe. Mimi nimeacha ng'ombe wenyewe!"

"Nani kapiga yowe? Huyu? Huyu si yule bubu?"

"Leo kapona ububu, katupandisha mlima."

Kaka alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Umetutia aibu. Unajua umefanya nini?" Nikamwambia, "Shukeni kwanza." Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamuru mtu aliyenizidi umri. Alishangaa hata yeye. Wakashuka.

Kwa kazi waliyofanya chini kule nawapa heshima yao, sitaki kuwa kama wao. Walikata miiba kwa mapanga mpaka wakamfikia. Alikuwa hai, mguu umevunjika pajani na damu nyingi imetoka. Walichomoa zile fito za alumini kwenye kitambaa wakaufungia mguu, wakatengeneza machela kwa miti miwili na shuka, wakampandisha kwa zamu, wengine wakiimba wimbo wa kumchangamsha ambao maneno yake nashukuru hakuyaelewa. Dereva alikuja baada ya muda mrefu, amezunguka mlima, midomo imekauka. Hospitali ya wilaya wakasema kama angechelewa zaidi damu ingemwishia.

Siku ya nne baada ya hapo dereva alirudi na jezi. Alikuwa na video kwenye simu: mzungu kitandani, mguu juu, anawashukuru vijana mashujaa waliosikia kishindo wakakimbia kumwokoa. Waliosikia kishindo! Nani alisikia kishindo? Kutoka kijijini mpaka korongoni husikii hata radi ikiwa upepo unavuma. Nilisubiri kaka aseme kitu. Alikuwa anajaribisha jezi.

Nilimfuata dereva kwenye gari. "Ni mimi niliyepiga yowe," nikamwambia.

"Ati ni wee ulipiga ile nduru? Kasichana ka mihogo?" Akacheka, si kwa ubaya. "Haki, kumbe una sauti. Nitamwambia mzee."

Sijui kama alimwambia. Nasema wazi kwamba nilitaka amwambie. Watu wanaosema hawahitaji kushukuriwa, mimi simo.

Kumbe siku ile ya yowe, wachungaji walipoacha ng'ombe, ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya mzee mmoja wa upande wa mto wakala mpaka wakashiba. Mzee yule akaenda kwa mwenyekiti. Hakuna ng'ombe aliyeibwa, akasema, lakini mahindi yangu yameliwa kweli. Na hapo ndipo kila mtu akakumbuka sheria. Mjumbe akaja nyumbani na karatasi ya kuniita mkutanoni.

Baba aliisoma akaikunja. Baba yangu ni mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi kuliko karatasi. "Utasimama," akaniambia, "utasema nilidanganya, mnisamehe. Mimi nitatoa mbuzi. Yaishe."

"Sikudanganya, baba."

"Uliita ng'ombe. Ng'ombe walikuwepo?"

"Mtu alikuwepo."

"Binti yangu, nyumba hii ina ng'ombe tisa na mama yako na wadogo zako. Ikitengwa, siku wezi wakija nitapigana nao na nani? Na wewe utakuwa Tarime, shuleni. Sema neno moja tu, nyumba ipone."

Alikuwa sahihi kuhusu nyumba. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Sentensi moja tu, na tungeendelea kuwa watu wa kuitikiwa. Lakini sentensi yenyewe ilikuwa ya uongo, na walionitaka niiseme ni walewale waliokuwa wakinishtaki kwa uongo. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande na bado linanipandisha hasira.

Mkutano ulifanyika shule ya msingi, kwenye darasa la pili. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, pinde zimeegemezwa ubaoni juu ya herufi kubwa na ndogo. Wanawake walisimama madirishani. Mwenyekiti alisoma agenda. Ya kwanza, kuwapongeza vijana. Ya pili, yowe la uongo. Akazisoma moja baada ya nyingine bila hata kumeza mate. Kwenye agenda ya kwanza vijana walipigiwa makofi. Kaka alikuwa amevaa ile jezi. Kwenye agenda ya pili niliitwa mbele.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Sema kwa sauti."

Nilitazama sakafu. Baba alikuwa dawati la mbele, ananitikisia kichwa polepole, kama mtu anayemhimiza mtoto ameze dawa. Nilifungua mdomo niseme alichotaka. Kweli nilitaka kusema. Nilifika mpaka "nili".

Kisha mzee wa mahindi akasema, "Aseme basi, tuna kazi. Angepiga kelele ya kawaida tu, si tungekuja?"

Nikasema, "Msingekuja."

"Nini?"

"Msingekuja. Mwaka jana jirani aliita kwa kelele ya kawaida. Aliwaita kwa majina. Hamkuja. Bibi alienda na mwiko." Machozi yalikuwa yanatoka, jambo ambalo sikulipenda, lakini maneno nayo yalikuwa yanatoka. "Mngekuja kwa mtu, ningeita mtu. Mnakuja kwa ng'ombe tu. Nimeita kwa lugha mnayoisikia. Sikudanganya, na sitasema nilidanganya."

Darasa lililipuka. Mmoja akasema hiyo ndiyo faida ya kusomesha mabinti Tarime mjini. Mwingine akasema jirani na mumewe wameshapatana, mambo ya watu yanaletwa huku kwa nini. Jirani mwenyewe alikuwa dirishani na sikuthubutu kumtazama. Kaka akasimama. Nikajua sasa atasema, atasema bila yowe lile tusingefika. Akasema, "Mwenyekiti, naomba tumsamehe, ni akili ya kitoto." Akakaa. Mpaka leo sijamfulia ile jezi yake, na ataisubiri sana.

Mwenyekiti akagonga dawati. "Sheria haina mtoto wala mkubwa. Hajakiri. Basi nyumba hiyo itatengwa mpaka atakapokiri. Yowe la kwao halipokelewi."

Ndipo bibi akaongea kutoka dirishani, bila kuomba nafasi.

"Mwenyekiti, nisaidie kuelewa. Halipokelewi na nani?"

"Na wote, bibi."

"Anayepokea ni mimi. Nyie mnakimbia tu. Sasa mimi nimezeeka, koo linauma. Kama natakiwa niulize kwanza ni la nani na kama ni la kweli, basi nimestaafu leo. La huyu mtoto silipokei, na lako silipokei, na la mwenye mahindi silipokei. Yowe lolote likifika kwangu, litalala kwangu."

"Bibi, usitanie."

"Nimekutania lini? Mtafuteni Spika mwingine mumjengee pale kwenye kichuguu. Ng'ambo ya mto wasiposikia, msiniite."

Wanawake madirishani walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka, na kule kuacha kulikuwa kubaya zaidi. Wanaume walitazamana. Ng'ambo ya mto ndiko waliko vijana wengi na ndiko wezi hupitishia ng'ombe. Kila mmoja mle ndani alikuwa anapiga hesabu ya zizi lake. Mwenyekiti alinong'ona na katibu muda mrefu, kisha akasema agenda ya pili inaahirishwa mpaka kikao kijacho, kwa uchunguzi zaidi.

Uchunguzi wa nini? Wa kama mzungu alianguka?

Kikao kijacho kimepita na agenda haikusomwa. Kingine nacho kimepita. Baba anasema nishukuru, hatujatengwa. Ni kweli hatujatengwa, na juzi mwenyekiti mwenyewe alimpelekea bibi sukari. Lakini hakuna aliyesema kwamba sikudanganya. Wamelikalia tu jambo langu, kama wanavyoyakalia mengine yote.

Siku moja kabla ya kurudi shule nilikwenda kwa katibu wa kitongoji, nikamkuta anapukuchua mahindi barazani kwake. Nikamwamkia, nikaomba kuona kitabu cha mihtasari. Aliniuliza mara mbili kama ninajua ninaomba nini. Alipokileta nikatafuta siku yetu. Ilikuwa imeandikwa, "Agenda ya pili. Yowe la uongo. Imeahirishwa."

"Naomba ufute neno uongo," nikamwambia. "Hakuna aliyelithibitisha."

"Kitabu hiki hakifutwi, binti. Kikifutwa leo, kesho watakuja wa mashamba wafute mipaka yao."

"Basi ongeza."

"Niongeze nini?"

"Kilichotokea."

Alinitazama, akapangusa mikono kwenye suruali, akachukua kalamu. Aliandika taratibu, mwandiko wa watu wa zamani, kisha akanigeuzia kitabu nisome. Mbele ya neno imeahirishwa alikuwa ameongeza, "Mtuhumiwa amekataa kukiri."

"Mtuhumiwa nalo silipendi," akasema, "lakini ndilo neno la vikao. Au nilikate?"

Nilisoma tena. Ilikuwa sentensi ya kwanza kuhusu siku ile, kutoka kwa mtu yeyote, ambayo haikuwa na uongo ndani yake.

"Liache," nikasema. Nikamshukuru, nikaenda kufunga begi.